Kutoka diploma hadi uzamili: muuguzi wa Nairobi aruke digrii?

Swali: "Habari Mwalimu. Mimi ni muuguzi wa KRCHN (diploma ya uuguzi na afya ya jamii), nilisomea KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, na huu ni mwaka wa sita nikiwa wadi ya wazazi katika hospitali ya umma hapa Nairobi. Nimeona tangazo la chuo cha Marekani linalosema muuguzi aliyesajiliwa anaweza kutoka diploma hadi uzamili kwa miezi 24, masomo yote mtandaoni, bila kusomea digrii ya kwanza. Wanataka dola 300 za kushikilia nafasi kabla ya mwezi kuisha. Wenzangu wananiambia nikiapgredi hapa nyumbani, BScN (digrii ya uuguzi) na MSc (uzamili) zitanila miaka mitano, na nitakuwa nimezeeka. Nina watoto wawili na mkopo wa sacco. Nifanye nini?" — Muuguzi, Kayole

Dada yangu wa Kayole,

Usitume hizo dola 300. Apgredi upate BScN kwanza, halafu uende uzamili. Huo ndio ushauri wangu, lakini nakuomba usome na sababu zake, kwa kuwa programu za aina hiyo kule Marekani ni halali na zimewasaidia wauguzi wengi. Kuna hata muuguzi Mkenya ambaye angeniuliza swali lako hilihili ningemwambia aende bila kusita. Tofauti kati yake na wewe ni leseni, na nitaieleza.

Programu hizi, ambazo wenyewe huziita RN-to-MSN (RN ni muuguzi aliyesajiliwa, MSN ni uzamili wa uuguzi), zilizaliwa na shida ya Marekani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nchi ile ilikuwa na upungufu mkubwa wa wauguzi. Mwaka 1951 mwalimu wa uuguzi Mildred Montag alipendekeza mafunzo ya miaka miwili katika vyuo vya jamii, na mwaka uliofuata yakaanza kujaribiwa. Yalishika. Hadi leo anayehitimu huko hufanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, anaoufanya mwenye digrii ya miaka minne, na wote wawili huitwa RN. Kisha mambo yakabadilika. Ripoti ya Taasisi ya Tiba ya mwaka 2010 ilipendekeza asilimia 80 ya wauguzi wa Marekani wawe na digrii kufikia 2020, na mwishoni mwa 2017 jimbo la New York likapitisha sheria ya kuwataka wauguzi wapya waipate ndani ya miaka 10 tangu kusajiliwa. Wauguzi wengi wazoefu wakajikuta lazima warudi shule, na vyuo vikajiuliza: mtu huyu ana miaka 10 wadini, kwa nini tumfundishe misingi ya utafiti sasa, halafu akija uzamili tumfundishe utafiti tena?

Muda unaokolewa hapo. Digrii ya Marekani kwa kawaida ni krediti 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa masomo), na mwenye mafunzo ya miaka miwili huja na nusu yake hivi. Badala ya kumrudisha kumaliza nusu iliyobaki yote, chuo humpa masomo machache ya daraja, kama takwimu, afya ya jamii, uongozi na utafiti, na baadhi yake huyafundisha kwa kiwango cha uzamili ili yahesabike pande zote mbili. Anayesoma kutwa anaweza kumaliza kwa miaka miwili au mitatu. Anayesoma huku anafanya kazi huchukua mitatu, minne, wakati mwingine zaidi. Miezi 24 ya tangazo lako ni mwendo wa mtu asiye na shifti za usiku wala watoto wawili.

Kinachopunguzwa, basi, ni marudio ya darasani. Kazi ya kando ya kitanda haipunguzwi, na hapo ndipo neno "yote mtandaoni" linaponitia wasiwasi. Anayesomea kuwa nesi praktishona, yaani muuguzi wa kupima, kugundua ugonjwa na kuandika dawa, lazima apitie masomo matatu mazito, kila moja peke yake: patofiziolojia ya juu, upimaji wa mwili wa juu na famakolojia ya juu. Kisha viwango vya kitaifa vya mwaka 2022 vinamdai saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja, chini ya msimamizi aliyekubaliwa na chuo. Zigawe kwa shifti za saa 12: ni zaidi ya shifti 60, na hulipwi hata moja.

Nikuonyeshe kwa mfano wa wadi yako kwa nini saa hizo hazina njia ya mkato. Mama ameletwa saa tisa usiku, mimba ya wiki 34, presha 170/115, kichwa kinamgonga na anaona vimulimuli. Wewe hungoji kuambiwa. Unampa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, gramu 4 polepole kwenye mshipa, gramu 5 kila tako, unaweka katheta, unahesabu pumzi, unagonga goti kuona kama linaruka, na kalsiamu glukoneti, ya kumwokoa magnesiamu ikizidi, iko kwenye trei tayari. Umefundishwa hayo katika diploma na unayafanya vizuri. Uzamili unaanzia mbele ya hapo. Magnesiamu inatoka mwilini kupitia figo: sasa mkojo wa saa nne zilizopita ni mililita 60 tu na kriatinini, kipimo cha figo, imepanda, dozi inayofuata utaitoa, utaipunguza au utaizuia? Mama huyu ana pumu, kwa hiyo kati ya dawa za presha labetaloli tunaiweka kando, je, ni nifedipini au haidralazini, na presha uishushe kwa kasi gani bila kumnyima mtoto damu? Na hii ni mara ya tatu mwezi huu mama wa namna hii anatoka kituo kilekile cha afya akiwa amechelewa: kituo hicho hakina mashine ya presha, hakina ambulensi, au hakina mtu anayejua dalili? Maswali haya unajifunza kuyajibu mgonjwa akiwa mbele yako, na mtu anayejua kukushinda akiwa kando yako. Video haiwezi kukupa hilo, hata ikiwa nzuri namna gani.

Sasa turudi kwenye leseni. Karibu kila programu ya RN-to-MSN inataka mwanafunzi awe na leseni hai ya uuguzi ya jimbo la Marekani tangu siku ya kujiandikisha. Usajili wa Baraza la Wauguzi la Kenya, hata ukiwa safi, hautoshi. Ili upate ya kwao, KMTC itume transkripti zako moja kwa moja kwa shirika la kukagua vyeti, ambalo kwa miaka mingi limekuwa CGFNS, Baraza lithibitishe usajili wako, mara nyingi ufanye mtihani wa Kiingereza, halafu NCLEX-RN. Nawajua wauguzi waliotumia zaidi ya mwaka kwa hatua hizo peke yake. Aliyeandika tangazo lile hakuhesabu hata mwezi mmoja wa safari hiyo ndani ya miezi yake 24.

Tuseme umeipata leseni ukiwa bado Nairobi. Saa za kliniki utazifanyia wapi? Chuo cha mtandaoni cha Marekani kinahitaji idhini ya kila jimbo kinakoweka wanafunzi kwa mazoezi, na msimamizi lazima awe na leseni ya hapo. Hospitali ya Kayole au ya Mbagathi haimo katika mpango huo. Na ukisema utasafiri kwa viza ya mwanafunzi, programu ya mtandaoni mtupu haikupi viza hiyo. Mwanafunzi wa viza hiyo, iitwayo F-1, anaruhusiwa kuhesabu darasa moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti tatu, katika mzigo wake wa lazima wa kila muhula. Kwa hiyo masomo ya mtandaoni yanakubakisha Nairobi bila mahali pa kufanyia mazoezi, na masomo ya kule yanataka uache kazi na watoto.

Ninalotaka ulifikirie kuliko yote, kwa sababu watu hulijua wakiwa wamechelewa, ni cheti cha katikati. Baadhi ya programu hizi hukupa digrii ya kwanza ukifika nusu ya njia, kisha unaendelea na uzamili. Nyingine hazitoi. Unaingia na diploma, unatoka na uzamili, katikati hakuna kitu. Ukiugua, ada ikikatika au mtoto akilazwa ukiwa umefika robo tatu ya masomo, unarudi ulikotoka: diploma, na deni juu yake. Na hata ukimaliza, utakaa mbele ya kamati ya mahojiano ya kaunti au ya chuo hapa kwetu, nao watakuomba cheti cha sekondari, cha diploma, cha digrii ya kwanza na cha uzamili, kwa mpangilio huo. Utaeleza, na pengine utaeleweka, lakini utakuwa unaeleza maisha yako yote ya kazi.

Angalia pia ufadhili, maana kwa mtu mwenye mkopo wa sacco ufadhili ni jambo kubwa. Chevening ya Uingereza inataka uwe na digrii ya kwanza na saa 2,800 za kazi. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa uzamili, pamoja na ule wa kusoma kwa mbali ukiwa nchini mwako, unaangalia daraja la digrii yako ya kwanza: daraja la pili la juu, au la pili la chini likisindikizwa na sifa nyingine ya juu zaidi. Mwenye diploma na uzoefu wa miaka sita, hata awe hodari kiasi gani, hawezi hata kujaza fomu hizo. BScN inakufungulia milango ambayo kwa sasa huwezi hata kuibishia hodi, na hilo peke yake lingenitosha kukushauri hivi.

Wenzako hawakukosea hesabu ya miaka. Kuapgredi kutoka KRCHN huchukua miaka miwili hadi miwili na nusu, na uzamili hapa ni miaka miwili kwenda juu. Lakini linganisha na njia ile nyingine kwa haki: mwaka au zaidi wa kutafuta leseni, miaka mitatu ya kusoma ukiwa kazini, na muda wa kupata msimamizi wa kliniki. Pengo linalobaki ni dogo. Na katika njia ya nyumbani, baada ya nusu ya muda una cheti mkononi ambacho mwajiri wako anakitambua. Katika utumishi wa umma mwenye diploma huanzia kundi la mshahara H na mwenye digrii huanzia K, kwa hiyo cheti hicho una haki ya kukipeleka kwa afisa wa rasilimali watu wakati bado unaisomea MSc. Kubadilishiwa kundi hakuji siku hiyohiyo, na wengine wamesubiri sana. Bila cheti, hata kusubiri huwezi kuanza.

Wakati mwingine naambiwa sisi wa Kenya tunaogopa masomo ya mtandaoni. Hapana. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi walianzisha mpango wa kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi KRCHN kwa njia ya kompyuta. Manesi waliokuwa kazini, wengine katika maeneo ya mbali kabisa, walisoma nadharia kwenye vituo vya kompyuta na wakafanya mazoezi katika hospitali zilizokubaliwa, na wasimamizi wao. Baraza lilikuwamo tangu mwanzo, kwa hiyo aliyemaliza alifanya mtihani wa Baraza na kusajiliwa. Baadhi ya walionitangulia na walionifuata katika kazi hii walipanda kwa njia hiyo, na ni wauguzi hodari. Mtandao haukuwa shida wakati ule na si shida leo. Uliza tu nani ameketi nyuma yake.

Kwa hiyo ukichagua chuo cha kuapgredi, anza na orodha ya Baraza. Wako Kabarnet Lane, kando ya Ngong Road, na orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa ipo wazi. Usitosheke kwamba chuo kikuu kinajulikana. Tazama kama programu yenyewe, kwa ngazi unayoitaka, imo, na kama kampasi utakayosomea imo. Chuo kinaweza kuidhinishwa kufundisha BScN ya wanafunzi wa kutoka sekondari katika kampasi kuu, huku tawi la mjini likiwa halijakaguliwa.

Hapa Nairobi na karibu yake una pa kuchagua. Chuo Kikuu cha Aga Khan wamekuwa wakiwafundisha wauguzi waliosajiliwa walio kazini tangu mapema miaka ya 2000, na ratiba yao ilitengenezwa kwa watu kama wewe. Kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta, JKUAT pale Juja, na Mount Kenya kule Thika, na ukiwa tayari kwenda kwa vipindi, Kenya Methodist. Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara yake ya uuguzi ndani ya uwanja wa Hospitali ya Kenyatta, na kwa uzamili wa kliniki ni vigumu kupata mahali penye wagonjwa wa aina nyingi kuliko pale. Tembelea vitatu. Uliza kila kimoja swali moja ambalo waombaji hawaulizi: mtanihesabia nini kutoka diploma yangu, na mtaniandikia lini? Nimewahi kukaa na waombaji wawili wenye transkripti karibu sawa, mmoja akasamehewa masomo ya muhula mzima na mwingine akaambiwa arudie anatomia, kwa sababu wa kwanza alibeba silabasi ya KMTC yenye saa za kila somo na wa pili alibeba cheti peke yake. Beba silabasi. Beba na barua ya mkuu wako wa wadi inayosema umefanya nini kwa miaka sita: zamu ngapi umeongoza, wanafunzi umewasimamia wapi, mafunzo gani ya dharura za uzazi umepitia.

Kama KCSE yako ilikuwa C na si C+, usikate tamaa. C+ ni ya anayetoka sekondari moja kwa moja. Vyuo vingi humpokea mwenye diploma ya KRCHN, leseni hai na uzoefu wa kazi, ila masharti yanatofautiana, na wengine huangalia kama diploma yako ni ya kredit au ya pasi.

Mtu atakwambia uchukue Higher Diploma badala yake, ya wagonjwa mahututi, figo, ganzi au watoto wachanga. Ni mafunzo mazuri mno, mafupi, na wadini yanaonekana kesho yake. Lakini kwa lengo lako la uzamili hayachukui nafasi ya digrii, kwa hiyo usiyafanye ukidhani ni ngazi ya katikati.

Kuhusu pesa, fanya hesabu ya tangazo lile kwa karatasi. Vyuo vya Marekani hutoza kwa krediti. Tuchukulie programu ya krediti 60 kwa dola 600 kila moja: ni dola 36,000, na kwa shilingi 130 kwa dola ni zaidi ya milioni 4.6, kabla ya kitabu kimoja. Nimeweka bei ya mfano ili uone namna ya kuzidisha. Weka ya kwao na uone. Hapa nyumbani unalipa kwa muhula, na mwaka ukiwa mgumu unaweza kuomba kuahirisha muhula bila kupoteza ulichokwisha kufaulu. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, wana mkopo wa Jielimishe uliowekwa kwa walio kazini. Usiuchukue kabla mkopo wa sacco haujashuka. Makato mawili kwenye payslipu moja, na lokamu, zile zamu za kibarua, huzifanyi tena kwa sababu uko darasani, hapo ndipo wengi huacha masomo mwaka wa pili, na inaniuma kila ninapoona, maana si akili iliyowashinda. Ukipewa likizo ya masomo yenye mshahara, soma bondi kabla ya kusaini: unajifunga kurudi kutumikia kwa miaka kadhaa, na ukiondoka mapema unalipa. Kwa mama mwenye watoto wawili na kazi ya kudumu Nairobi naiona bondi kama mpango mzuri, mradi umeisoma.

Yule muuguzi ambaye ningemwambia aende ni huyu: Mkenya aliyekwishafaulu NCLEX, anaishi Minnesota au Texas, ana leseni ya jimbo lake na anafanya kazi hospitali inayomrudishia sehemu ya ada. Huyo programu ya RN-to-MSN imetengenezewa yeye. Ningemwambia aangalie ithibati ya programu, yaani idhini ya ubora kutoka shirika la ukaguzi, ambayo kwa uuguzi kwa kawaida ni ya CCNE au ACEN, na kwa ukunga ni ya ACME. Ningemwambia pia achague tawi la utaalamu kwa kujua sheria ya leo. Kwa mkunga wa ngazi ya CNM, yaani muuguzi-mkunga aliyethibitishwa, digrii ya juu ni sharti tangu 2010, kwa hiyo njia hii inamfaa hasa. Kwa nesi wa ganzi, programu zote zimehamia udaktari, na tangu mwanzoni mwa 2022 hakuna mwanafunzi mpya anayeingia kwa ajili ya uzamili. Ukiona tangazo linalokuahidi uzamili wa nesi wa ganzi wa Marekani, limepitwa na wakati au linakudanganya.

Kama moyo wako uko kwenye kuhama, niambie waziwazi, si jambo la kuonea aibu. Mpangilio wangu ungebaki uleule: BScN, kisha leseni ya huko, kisha uzamili ukiwa huko kwa msaada wa mwajiri wako. Na kama unapanga kubaki, jua kwamba cheo cha nesi praktishona kimejengwa juu ya sheria za majimbo ya kule. Hospitalini kwetu sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na afisa wa kliniki. MSc ya ukunga au ya uuguzi wa watoto wachanga ya hapa itakuweka pahali ambapo tayari kuna kazi: kufundisha, kuongoza kitengo, kuandika miongozo, kusimamia ubora.

Uingereza nitaigusa tu. Huko kuna mwaka mmoja wa kuongezea diploma iwe digrii, krediti 120, na uzamili wa mwaka mmoja, krediti 180. Kwa kalenda ni njia fupi kuliko zote. Lakini vyeti vya nje lazima vilinganishwe na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, pale Red Hill Road, Gigiri, kwa hiyo uliza tume kabla ya kulipa, hasa kama unasoma kwa mbali.

Bado kuna hizo dola 300. Chuo kinachojiheshimu kinasoma kwanza transkripti na leseni yako, ndipo kinakupa nafasi, ndipo kinaomba amana. Hawa wameanza na amana, kisha wakakuwekea tarehe ya kukutia haraka. Kama bado unavutwa, waandikie barua pepe yenye maswali manne. Mnampokea mkazi wa Kenya asiye na leseni ya Marekani? Saa za kliniki nitafanyia hospitali gani, na msimamizi nitatafutiwa na nani? Mnatoa digrii ya kwanza njiani? Namba yenu ya ithibati ni ipi, nikaitafute kwenye orodha ya CCNE au ACEN mwenyewe? Wasipojibu manne yote kwa maandishi, umepata jibu.

Ukiamua kubaki na njia ya nyumbani, kuna kazi moja unayoweza kuianza wiki hii bila kulipa shilingi. Kinachowachelewesha wengi katika uzamili ni tasnifu. Mtu anamaliza madarasa kwa wakati, halafu anakaa miezi akitafuta mada, akirudishiwa pendekezo, akingoja kamati ya maadili, akingoja leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi. Wewe umekaa juu ya mada kila siku. Katika rejista ya wazazi, MOH 333, kila mama ana mstari wake: amefika saa ngapi, ametumwa na nani, presha, namna ya kujifungua, alama ya Apgar ya hali ya mtoto alipozaliwa, matatizo. Chukua daftari lako mwenyewe, usiandike jina la mama wala namba ya faili, na uandike maswali tu unayoyaona yakijirudia. Kwa nini patografu, chati za kufuatilia uchungu wa uzazi, za zamu ya usiku zina mapengo? Kwa nini mama waliotumwa na vituo fulani wanafika wakiwa na hali mbaya zaidi? Yaandike kwa tarehe. Yataongezeka, mengine utayafuta, na moja litakataa kufutika. Ukifika mwaka wa mwisho wa BScN utalifanyia mradi mdogo wa utafiti, ambao unadaiwa hata hivyo, na ukiingia MSc utalirudia kwa upana, ukiwa tayari unajua ni nani wa kuomba ruhusa na rejista zipi zina kurasa zilizochanika.